Bendisoo ya inchi nane: mashine nzuri inayouzwa ikiwa nusu

Nianze na jibu, kwa ajili ya yule ambaye tayari ameshika simu anataka kutuma pesa: nunua bendisoo hii, yaani msumeno wa umeme wa mkanda, ila usimalizie pesa yote kwenye mashine. Weka kando pesa ya bledi nyingine, yaani ule mkanda wa meno unaokata, na ujipe muda wa kuitengeneza kabla hujaisogezea mbao yoyote ya maana. Na kama haja yako ni kupasua mbao za inchi sita kwa moja za paa, achana nayo kabisa. Pale soko la Kibuye, hapa Kisumu, wako mafundi wenye mashine kubwa. Watakupasulia mzigo wote ukiwa umesimama hapo, na pesa ya kununulia mashine itabaki mfukoni mwako.

Mimi nina duka la dawa za mifugo na mbegu huku Kondele, ndiyo maana wengi huniita daktari japo sikusomea. Jioni, na Jumapili tukishatoka kanisani, utanikuta kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, Migosi, nikitengeneza vitu vidogo vidogo: mbao za kuchezea ajua, ule mchezo wa bao, vibao vya kukatia mboga vyenye umbo la samaki ngege, magari ya watoto, visanduku vya kuwekea vito. Kona zote nilikuwa nakata kwa jigisoo, ule msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi. Jigisoo ni chombo kizuri mpaka mbao ifike unene wa inchi moja na nusu. Hapo bledi yake inapinda kule chini usikokuona, na ukigeuza kipande unakuta juu umefuata mstari, chini umeenda zako.

Kisumu hii bendisoo inajulikana kama mashine ya buchari. Jirani yangu aliponiona nikifungua boksi aliuliza, "Daktari, sasa umeamua kuuza nyama?" Na kweli ni ileile, ni ukubwa tu unaotofautiana. Mkanda mwembamba wa chuma wenye meno umeunganishwa ncha kwa ncha, unazunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini ya meza. Upande unaokata, meno yanashuka wakati wote. Faida yake ni kwamba mbao inakandamizwa kwenye meza badala ya kurushwa tumboni mwako, jambo ambalo zile sakulasoo, misumeno ya duara, za kutengenezewa mezani, zisizo na kinga wala nini, hulifanya bila kukuonya.

Jina lililoandikwa ubavuni silitaji, na wala halina maana sana. Mashine hizi ndogo hutoka China zikiwa karibu sawa kila kitu, halafu kila anayeziuza anaweka rangi yake na jina lake. Ukiona mota ya wati 250, meza ya kama sentimita 30 kwa 30, nafasi ya milimita 200 kati ya bledi na mwili wa mashine, na uwezo wa kukata unene wa milimita 80, jua tunazungumzia kitu kimoja. Hiyo inchi nane ni kipenyo cha gurudumu. Yangu ilinigharimu chini kidogo ya elfu thelathini, pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi la kutoka Nairobi.

Boksi lilifika zima, lakini bolti moja ya kushikilia meza haikuwemo. Nilipompigia muuzaji akaniambia nirudishe boksi lote Nairobi ndipo waliangalie. Kwa bolti! Nilishuka hadi kwenye hadwea ya mtaani na nikaipata kwa bei isiyofika ya soda. Kitabu cha maelezo nacho kina picha ndogo sana, na hatua moja muhimu, ile ya kurudisha nyuma vishikizo, vile vipande vinavyoizuia bledi isiyumbe, kabla ya kupanga bledi, haimo.

Kwa hiyo nitaieleza mwenyewe. Kwanza, ifunge mezani. Ni nyepesi kiasi cha mtu mmoja kuibeba, na ukisukuma mbao ngumu itahama. Mimi niliifunga kwa bolti nne, na chini ya kila mguu nikaweka kipande cha tairi nilichopewa na fundi wa akala. Mtetemo ulipungua palepale. Baada ya hapo chomoa plagi. Sisemi uzime swichi, nasema uchomoe. Karibu kazi yote inayofuata ni ya kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Fungua milango yote miwili. Legeza vishikizo vyote vinavyoigusa bledi, uvirudishe nyuma kabisa, la sivyo kila utakachokiona kitakuwa uongo. Bledi inatakiwa itulie katikati ya ule mpira uliovalishwa gurudumu. Nyuma ya gurudumu la juu kuna skrubu inayolilaza kidogo mbele au nyuma. Kaza kiasi springi inayoivuta bledi, zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na uangalie bledi inaelekea wapi. Ikikujia, gusa skrubu kidogo tu, zungusha tena mara kadhaa, uangalie tena. Bledi huchukua muda kuitikia, na asiyekuwa na subira atapita pale pazuri bila kujua. Yangu ilitoka kiwandani ikitambaa ukingoni mwa gurudumu; kama ningeiwasha vile ilivyokuja, ingeruka.

Kwenye mpira wa gurudumu la juu nilikuta pia uvimbe, gundi iliyokauka kwa chini. Nilishika msasa hapo na kuzungusha gurudumu mpaka kidole kikaacha kuhisi kitu.

Mkazo wa bledi ndio unaobishaniwa zaidi. Mashine ndogo hazina kipimo cha kuaminika, kwa hiyo mimi hutumia macho. Milango ikiwa imefungwa na vishikizo bado viko nyuma, rudisha plagi, washa, halafu legeza springi taratibu hadi uione bledi ikianza kutikisika kushoto na kulia. Kaza hadi itulie. Ongeza robo mzunguko, basi, chomoa tena. Kukaza zaidi ya hapo hakuleti mkato ulionyooka. Kunapinda tu mhimili wa gurudumu la juu, kwa sababu mwili wa mashine yenyewe ni bati lililokunjwa.

Sasa vishikizo, na hapa nakuomba usiharakishe. Juu ya meza na chini yake kuna vipande viwili vinavyoishika bledi kutoka pembeni, na beringi moja inayoisubiri kwa nyuma. Nilichukua risiti ya supamaketi, nikaikata vipande viwili, nikaviweka huku na huku ya bledi, nikasogeza vishikizo mpaka vikaigusa karatasi, nikakaza, kisha nikavuta karatasi itoke. Nafasi iliyobaki inatosha. Kwa upande wa mbele, vishikizo vikomee nyuma ya mabonde ya meno. Vikifika kwenye meno vitayalaza, na bledi mpya itakuwa butu kabla haijaonja mbao. Beringi ya nyuma iwe mbali na bledi kwa unene wa ile kadi ya kukwangua ya simu. Kipimo chake ni rahisi: mashine ikizunguka bila mbao, beringi isimame; ukisukuma mbao, izunguke mara moja. Ikizunguka wakati wote, mgongo wa bledi unasagika, unapata nyufa, na siku moja inakatika ukiwa katikati ya kazi.

Aliyebuni vishikizo vya chini hakuwahi kuvifunga mwenyewe. Viko chini ya meza, gizani, na funguo ya umbo la L waliyokupa haipati nafasi ya kugeuka. Niliikata mguu kwa tupa ndipo ikaingia.

Meza kusimama wima na bledi, guni ndogo, kile kipimo cha pembe mraba, itakuonyesha. Lakini jaribio ninaloliamini ni hili. Chukua kipande cha mbili kwa mbili kilichopigwa randa vizuri, ukikate kidogo kwa mbele, uzime. Kisha kipindue juu chini na ukilete kutoka nyuma ya mashine, ili ule mkato uingie kwenye mgongo wa bledi. Ukiingia bila kusuguana, meza iko sawa. Ukigoma, kosa unaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe, ndiyo maana hata macho yaliyochoka kama yangu hulikamata.

Bledi iliyokuja na mashine ni ya kupigia picha. Nikizungusha gurudumu kwa mkono, kiungo chake kilikuwa kinagonga kwenye vishikizo, tak. Piga hesabu kidogo uone maana yake. Gurudumu la milimita 200 linalozunguka mara 1,400 kwa dakika linaikimbiza bledi karibu mita 15 kila sekunde, na bledi yenyewe ina urefu wa milimita 1,400 tu. Maana yake kile kiungo kibovu kinapita kwenye mbao zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Hiyo si tak tena, ni mashine nzima kutetemeka, na mkato unatoka na mistari ya kukufanya upige msasa hadi usiku.

Hapa wenye mabuchari walinifaa bila kujua. Bledi ya buchari yenyewe haiingii kwenye mashine hii, ni ndefu na pana mno, kwa hiyo usidanganywe na mtu. Lakini kuna mafundi wanaoziunganisha hizo za buchari zinapokatika, na mmoja wao, hapa hapa mjini, alikuwa na koili nyembamba za kukatia mbao. Nilimpelekea bledi ya zamani kama kipimo. Alikata ncha zikawa mraba, akaziminya kwenye kijimashine chake cha stima, cheche zikaruka, zikashikana. Nikanyoosha mkono. "Bado, daktari," akasema. "Ukiichukua sasa itakatikia kwako." Akapasha kile kiungo moto mara ya pili, safari hii hadi kikawa chekundu cha kufifia tu, akakiacha kipoe chenyewe, pole pole, bila maji. Chuma kilichotoka kuunganishwa ni kigumu lakini hakikunjiki, na kwenye gurudumu dogo bledi inakunjwa sana. Mwishowe akakisaga kwenye jiwe pande zote mpaka nikipitisha ukucha sikujua kiungo kiko wapi. Fundi anayeruka ile hatua ya moto wa pili, usirudi kwake.

Alinitengenezea mbili. Moja ya milimita 6 yenye meno sita kwa inchi, ambayo ndiyo hukaa kwenye mashine siku nyingi. Bledi ya upana huo inageuka kwenye kona ya nusu kipenyo cha milimita 16 hivi bila kulazimishwa, na kona ya mkia wa ngege haihitaji zaidi. Nyingine ni ya milimita 10, meno manne kwa inchi, ya kupasulia vipande vinene. Hiyo usiilazimishe kona. Chini ya nusu kipenyo cha milimita 36 hivi inaanza kubana na kunuka moshi. Na ukitaka kukata plaiwudi nyembamba tafuta yenye meno mengi, kwa sababu wakati wowote angalau meno matatu yanatakiwa yawe ndani ya mbao. Pungufu ya hapo jino linakamata na kung'oa.

Tukishafika hapo, mashine inabadilika. Saipresi inakatwa bila mlio, unasukuma kwa vidole viwili. Shida yake ni utomvu; unaganda kwenye bledi, na mimi huufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, plagi ikiwa nje. Grevilea, ambayo huku kwetu iko kwenye kila ua, inatoa mapambo mazuri ajabu ukiipasua upande, ila vumbi lake linawasha ngozi. Siala nayo inakatika vizuri, na vibao vyangu vya mboga vingi ni vyake.

Kisha kuna mvule. Vipande vya mvule vinavyobaki kwa mafundi wa milango hapo Kibuye ndivyo hasa nilivyonunulia mashine hii. Kipande cha unene wa inchi mbili na nusu, ambacho kwao ni kuni, nakipasua katikati kwa ile bledi ya milimita 10, nakifungua, na nyuzi za upande mmoja zinatazamana na za upande wa pili. Hapo nina mifuniko miwili ya visanduku. Kwa wati 250 kazi hii haiendi mbio. Unasukuma polepole, unasikiliza mota, ikianza kuguna unapunguza. Lakini inafika. Jambo la kujihadhari nalo ni kwamba mvule hubeba mawe ndani yake, mabonge ya chokaa ambayo mti wenyewe huyaweka kwenye nyufa zake. Hayaonekani kwa nje. Nilikuwa katikati ya ubao wa ajua niliposikia mlio mkali mfupi, na tangu hapo bledi ikawa inavuta kushoto: meno ya upande mmoja yalikuwa yamelala. Vumbi lake nalo si la mchezo, linachoma pua na macho, kwa hiyo barakoa ya kweli, si leso.

Stima. Mota ya wati 250 haikutishi kwenye tokeni. Saa nzima ya kukata mfululizo ni robo yuniti. Kinachonihusu zaidi ni stima kupotea na kurudi, jambo ambalo wenyeji wa hapa hawahitaji kuelezwa. Mashine yangu ina swichi ambayo ikikosa umeme inajizima, na umeme ukirudi haiwashi mashine mpaka ubonyeze tena. Hakikisha yako inayo. Jaribu hivi: iwashe bila mbao, chomoa plagi, subiri itulie, rudisha plagi. Ikianza kuzunguka yenyewe, mrudishie aliyekuuzia, maana siku moja stima itarudi vidole vyako vikiwa vinaondoa kipande kilichokwama. Na jioni taa zinapofifia, volti zikiwa chini, mimi huacha kukata vitu vinene. Mota inanguruma na kupata joto bila kufanya kazi yoyote.

Kelele si tatizo. Mtoto hulala chumba cha pili mimi nikikata. Vumbi ndilo. Kuna tundu la kuunganisha mashine ya kunyonya, ila nusu ya unga hubaki ndani na kushikana na mpira wa gurudumu la chini, na bledi huanza kuhama kwa sababu hiyo tu. Nilifunga mswaki mkuukuu kwa skrubu ili usugue mpira huo gurudumu linapozunguka. Shilingi sifuri, na umefanya kazi kuliko lile tundu.

Msimu wa mvua za masika, na unyevu huu wa ziwani, bledi inashika kutu ikiachwa. Naipangusa kwa mafuta ya cherehani na kulegeza springi kila nikimaliza, ili mpira wa gurudumu usibonyee mahali pamoja. Nikilegeza nabandika karatasi juu ya swichi, anayekuja kuwasha ajue bledi haijakazwa.

Fensi, ule ukingo wa kuongozea mbao iende moja kwa moja, ni mbovu, sitazunguka. Ni ya bati, inashikwa upande mmoja tu, na ukiisukuma kwa kidole gumba inahama. Isitoshe kila bledi ina upande inaopenda kuvutia, na fensi hii haikuruhusu kuifuata. Nimeiweka kando. Ninapopasua, nachora mstari kwenye ubao wa majaribio, nakata kwa mkono bila kuongozwa, nasimama katikati, naona ubao umelala kwa pembe gani kuelekea bledi, kisha nabana kipande kilichonyooka cha mvule kwa pembe hiyohiyo na klempu mbili. Hicho ndicho fensi yangu. Kile kipimo cha pembe kinachoteleza kwenye mfereji wa meza nacho kinacheza, ila kwa magari ya watoto hakuna atakayejua.

Usivae glavu karibu na bledi. Kishikizo cha juu kishushwe mpaka kibaki kama sentimita moja juu ya mbao. Tawi la mviringo usilikate likiwa limelala wazi mezani, litabiringika na kuvuta vidole. Lilaze kwenye kitanda cha mbao kilichochongwa umbo la V.

Ukijumlisha mashine, bledi mbili, klempu na barakoa, ongeza kama elfu tano juu ya bei ya dukani. Kwa mtu wa mbao ndogo na kona nyingi, naona ni pesa iliyokaa mahali pake. Wanaoniuliza kama naikodisha, hapana. Lakini njoo na kipande chako Jumapili jioni tukate pamoja, uone kama inakufaa. Na siku utakayoenda kununua yako, mwombe muuzaji afungue milango yote miwili mbele yako, zungusha gurudumu la juu kwa mkono, tazama bledi inapanda wapi, na uhesabu bolti za meza kabla ya kutuma pesa.